Baba ana mawe ya kalsiamu kwenye figo, mama ana kalsiamu begani: msiwakataze maziwa na dagaa

Mkuu mleta mada nimekusoma vizuri. Baba kakutwa na mawe kwenye figo, majibu yanasema ni ya kalsiamu, mama nae eksirei ya bega imeonyesha kalsiamu imejikusanya, sasa ndugu wamekaa kikao wakaamua nyumba nzima hamna maziwa, hamna mtindi, hamna dagaa. Naomba sana huo uamuzi muutengue leo hii, ntakueleza kwa nini, maana mi mwenyewe jiwe limenipitia na tangu hapo hili jambo nalifuatilia kwa karibu.

Kalsiamu ya mwilini karibu yote, kama asilimia 99, ipo kwenye mifupa na meno. Ile kidogo iliyopo kwenye damu inalindwa na vitezi vinne vipo shingoni nyuma ya tezi ya thairoidi, ukiacha kula kalsiamu vile vitezi havikubali damu ipungukiwe, vinaenda kuichota mfupani. Kwahiyo mzee wa umri ule ukimnyima maziwa unammaliza mifupa na mawe yako palepale, tena yanaweza kuongezeka.

Yanaongezekaje? Mawe mengi ya figo ni kalsiamu iliyoshikana na kitu kinaitwa oksaleti, na oksaleti tunaila kila siku, ipo kwenye mchicha, karanga, korosho, majani ya chai, chokoleti. Ukila mchicha na mtindi kwenye mlo mmoja, kalsiamu na oksaleti zinashikana hukohuko tumboni zinatoka na choo, habari imeishia hapo, figo halijasumbuliwa. Sasa ondoa mtindi. Oksaleti inakosa wa kuishika, inapenya kwenye damu, inashuka kwenye figo, na kule ndo inaenda kukutana na kalsiamu ikiwa tayari kwenye mkojo. Watafiti wa Parma, Italia, waliwafuatilia wanaume 120 wenye mawe yanayojirudia kwa miaka 5, majibu yakatoka 2002: 60 wakapunguziwa kalsiamu, 60 wakaachiwa kalsiamu ya kawaida ila wakapunguziwa chumvi na nyama. Waliopunguziwa kalsiamu 23 mawe yakarudi, wale wengine 12 tu. Hapo ndo nikaelewa kwamba chumvi ndo ya kupigana nayo, maana figo likitoa sodiamu nyingi (ndo iliyomo kwenye chumvi) kalsiamu nayo inafuata humohumo kwenye mkojo.

Kwangu mimi chanzo nakijua. Naendesha lori Dar kwenda Lubumbashi, na yeyote mwenye kazi hii anajua foleni ya mipakani Tunduma na Kasumbalesa ilivyo, jua kali, kabini inachemka, na huwezi kuteremka kila saa kutafuta choo huku mzigo uko nyuma, kwahiyo madereva wengi tunakunywa maji ya kulowesha koo tu. Jioni chipsi zimenyunyiziwa chumvi mpaka inaonekana, nyama choma, na soda. Mkojo unakuwa wa njano iliyokoza na mchache, na mkojo mchache ni sawa na chumvi kwenye kikombe chenye maji kidogo, lazima itulie chini.

Maumivu yalinikamata usiku tukiwa tumepaki Makambako. Ubavu wa kulia kwa nyuma, yanashuka kwenye kinena mpaka korodani, yanakuja kwa mawimbi, na hukai sehemu moja, ukilala unaamka, ukisimama unainama, natapika, mkojo umetoka mwekundu. Tandiboi akadhani nimekula sumu. Hospitali wakanichoma diklofenaki ikatuliza, ultrasaundi ikaonyesha figo limevimba kidogo, siti skani ndo ikalipata lenyewe, milimita 5, limekwama chini kabisa kwenye mrija karibu na kibofu. Daktari akaniambia yaliyo chini ya milimita 5 mengi yanatoka yenyewe, yakizidi 10 usitegemee, langu lipo katikati, akanipa vidonge vya tamsulosini vya kulegeza ule mrija na akasema nikojolee kwenye chujio. Likatoka. Dogo, la kahawia, lina vincha vincha ukilipitisha kidole unasikia linakwaruza, ndo unaelewa kwa nini lile bomba dogo lilikuwa linalia. Nikalipeleka maabara likatoka majibu kalsiamu oksaleti. Baba likimtoka msilitupe, lipimwe, maana kuna ya yuriki asidi ambayo yanaweza kuyeyushwa kwa dawa ya kupunguza asidi ya mkojo, ila haya ya kalsiamu HAYAYEYUKI kwa dawa. Wale wanaouza chupa za "kuyeyusha mawe" stendi msiwape hela yenu jamani.

Sasa baba afanyeje. Maji ndo ya kwanza, na kipimo sio anachokunywa ila anachokojoa, lengo ni lita 2 na nusu za mkojo kwa siku, akiwa sehemu ya joto kama Dar anywe zaidi maana jasho linachukua chake. Ila kama ana moyo dhaifu au figo zimeshachoka asinywe kwa kiasi hicho mpaka daktari aseme. Ndimu kwenye maji ni nzuri, sitreti yake inazuia chembe zisishikane. Mchicha asiache, ila mchemsheni kwanza mmwage yale maji, oksaleti nyingi inaondoka nayo, alafu huo mtindo wa mchicha na karanga kila siku upumzisheni, hapo oksaleti inaingia kwa milango miwili. Maziwa, mtindi, dagaa ale pamoja na chakula. Vidonge vya kalsiamu ni habari nyingine, visimezwe kiholela, Marekani akina mama waliopewa vidonge vya kalsiamu na vitamini D walipata mawe zaidi kuliko waliopewa vidonge vitupu visivyo na dawa. Na vitamini C ya gramu kwa gramu aiache, mwili unaigeuza oksaleti.

Kitu kimoja usikisubirishe: akipata homa au kutetemeka huku ubavu unauma, au mkojo ukakata kabisa, ni usiku huohuo hospitali. Usaha ukinaswa nyuma ya jiwe mtu anaondoka haraka sana.

Ya mama ni kitu tofauti kabisa japo jina ni lilelile. Kalsiamu ya begani inajenga kwenye kano, zile nyuzi zinazoshikiza msuli kwenye mfupa, inawapata sana wanawake wa miaka 30 hadi 60, na haitokani na maziwa aliyokunywa. Mara nyingi mwili wenyewe unaifyonza, na cha ajabu maumivu yanakuwa makali zaidi pale inapofyonzwa, kwahiyo akilia usiku bega limewaka haimaanishi inazidi kukua. Dawa za maumivu, mazoezi ya fiziotherapia ili bega lisigande, ikishindikana wapo wanaoifyonza kwa sindano wakiongozwa na ultrasaundi. Shangazi yangu lilimkaa muda mrefu, mkono haufiki hata kufunga kilemba, sasa hivi anatwanga.

Kingine, wote wawili waombeni kipimo cha kalsiamu ya damu, ni cha bei ndogo. Ikiwa juu ndo inabidi vile vitezi vya shingoni vichunguzwe, kimoja kikivimba kinamwaga homoni na mawe hayataisha mpaka kitolewe. Na kama kuna mwenye kisukari au kriatini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinafanyaje kazi) iko juu mseme mapema, maana kwa hao kalsiamu inakaa hata kwenye mishipa ya damu, na hilo linahusu moyo. Akipata majibu yaweke hapa, ukiandika na vipimo vya jiwe kwa milimita na lilipokaa, wapo wataalamu humu watakusaidia zaidi yangu.