Hukumu ya kuuza diski za gemu zilizotumika

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Nina fremu Kariakoo, nanunua na kuuza diski za PlayStation zilizotumika. Ustadhi wa mtaani kwetu ameniambia biashara hii ni haramu, kwa kuwa kampuni imeandika kwenye kasha kwamba diski isiuzwe tena, na hadithi inasema Waislamu wako juu ya masharti yao, yaani hufungwa nayo. Nimesimamisha mauzo wiki tatu na kodi imefika. Pia kuna mtoto aliyenunua diski kwangu kwa shilingi 35,000 alizopewa na baba yake. Kesho yake akairudisha kwa kuwa inagoma. Nilimwonyesha muhuri wa risiti: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Je, nina dhambi?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam wa rahmatullah. Fungua fremu yako, kijana wangu, kwani wiki tatu umejinyima riziki ambayo hukukatazwa.

Hadithi aliyokusomea ustadhi ipo, ila ameikata katikati. Katika mapokezi ya Tirmidhi Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, anaendelea kusema: isipokuwa sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu. Nashangaa mtu anayejinasibu na elimu anavyoweza kusimama nusu ya maneno ya Mtume na kumfungia mwenziwe duka. Mwenye kununua kitu amekimiliki, na anayemiliki huuza, hutoa zawadi na huachia warithi. Muuzaji aliyekwishapokea thamani yake kisha akataka kuendelea kukishika kitu kwa mkono wa mbali, anadai alichokwisha kukiuza. Mabwana wa mjakazi Bariira walikubali auzwe lakini wakashurutisha haki ya walaa, yaani ya kumrithi mtumwa akishaachwa huru, ibaki kwao, na Mtume akapanda mimbari akasema kwamba kila sharti lisilokuwa katika Kitabu cha Allah ni batili, hata yawe masharti mia. Isitoshe, wewe hukuwekeana sharti lolote na kampuni hiyo. Ulinunua kwa kijana aliyekuja na diski yake mkononi.

Hata mahakama za wasiokuwa Waislamu zimeliona hili. Mwaka 1908 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa tangazo la mchapishaji aliyetaka kupanga bei ya kitabu alichokwisha kukiuza, na mwaka 2002 Mahakama Kuu ya Japani iliruhusu biashara ya gemu zilizotumika, ingawa watengenezaji walikuwa wameipinga.

Usilipanue jibu hili likafika kwenye diski za kuchoma, yaani zilizonakiliwa. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililokutana Kuwait mwaka 1988 liliamua kwamba haki za watunzi na wabunifu zinalindwa kisharia, na anayenakili kazi ya mtu hauzi nakala aliyoinunua. Wala usiuze akaunti ya mtandaoni kana kwamba ni diski, ikiwa ulichonacho ni ruhusa ya kutumia tu.

Lakini swali lako la pili ndilo lililoninyima usingizi. Umeliogopa sharti la kampuni ambalo halikufungi, na hukuliogopa sharti lako mwenyewe lililopigwa muhuri wa wino juu ya risiti. Katika madhehebu yetu ya Shafi, muuzaji akishurutisha kwamba hahusiki na aibu, yaani kasoro, ya bidhaa, sharti hilo humwokoa tu katika aibu ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua. Diski si ng'ombe. Unaigeuza chini ya taa na mikwaruzo inaonekana, na kwa shughuli yako unajua ni upi unaozuia gemu isifunguke. Mtume alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni vidole vyake vikagusa unyevu, hakumuuliza mwenye nafaka kama wanunuzi wameonywa kwa risiti. Alimuuliza kwa nini asiweke sehemu iliyolowa juu watu waione.

Basi, kama ulijua, ulimghushi na una toba juu yako. Kama hukujua, huna dhambi ya kughushi, ila haki ya kurudisha bado iko palepale. Na mnunuzi ni mtoto, ambaye kwa Shafi mauzo yake hayasihi kabisa. Mtafute baba yake, mpe 35,000 zake uchukue diski yako. Najua kodi imekukaba. Ukikosa zote kwa mara moja, mwombe muda, naye ana hiari ya kukupa.

Kisha weka deki na runinga ndogo pale mezani, kila diski ifunguliwe mbele ya mnunuzi kabla hajatoa pesa, na huo muhuri uutupe leo kabla ya Alasiri.

Wallahu a'lam.