Darasa limegawanyika kuhusu kumbukumbu ya rafiki yetu

*Shangazi, shikamoo. Niko mwaka wa tatu chuoni. Miezi miwili iliyopita tulimpoteza mwenzetu kwa maradhi ya ghafla. Nilikuwa naishi naye chumba kimoja. Kila jioni alikaa kwenye ngazi za maktaba akiwafundisha hesabu wanafunzi wa mwaka wa kwanza, bila kudai chochote, na chuo kizima kilimpenda. Tumechanga fedha za kumwekea kumbukumbu, sasa tunagombana. Wako wanaotaka sanamu yake langoni, wako wanaotaka mti, wengine ufadhili wa masomo, wengine ukumbi upewe jina lake. Nimechaguliwa kuongoza kamati, na kila nikifungua mdomo kikaoni nalia. Daftari lake la hesabu bado ninalo. Tufanye nini?*

*Niliyebaki na kitanda kitupu*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Umezoea kusikia funguo zake mlangoni usiku, halafu leo unatakiwa uamue ugomvi wa watu kuhusu jina lake. Ukilia kikaoni, lia. Waliokaa mbele yako nao wamefiwa. Na kama yupo wa kukupokea uenyekiti ukabaki mjumbe, mpe bila kuona haya.

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafutamo neno mama au baba, sikuliona. Mmezungumza na wazazi wake? Nyinyi mmekuwa naye miaka michache, wao walimzaa. Pengine hawataki sura yake iwekwe hadharani, au wana jambo lao wanalopanga. Nendeni wawili watatu, mketi nao, muwaulize. Msiwapelekee uamuzi uliokwisha kupitishwa.

Sanamu siipendi, nakwambia wazi. Mchongaji ambaye hakumjua atafanya kazi kwa picha mbili tatu, na uso wa mtu haukubali kwa urahisi kutoka kwenye picha. Akikosea kidogo tu pale mdomoni, mama yake atasimama langoni kwenu akimtazama mtoto asiye wake.

Mti ni mzuri, ila mche unataka maji na uangalizi miaka yake ya mwanzo, na nyinyi mwakani mnahitimu. Nani atamwagilia wakati wa kiangazi? Sijui kama kuna kitu cha kuumiza kuliko kibao chenye jina la marehemu mbele ya kijiti kilichokauka. Mkiuchagua, wapeni wahudumu wa bustani za chuo, kwa maandishi, na muulize kwanza kama eneo hilo halijatengwa kwa ujenzi. Jina la ukumbi ni uamuzi wa wakuu wa chuo na huchukua muda mrefu. Andikeni ombi, lakini msilisubiri.

Ufadhili wa masomo ndio unaowadanganya wengi. Ili ulipwe kila mwaka bila kukoma, fedha huwekezwa katika mfuko wa kudumu, na mfuko huo hautumiwi wote. Vyuo vingi vyenye mifuko hiyo hutoa kama asilimia 4 au 5 tu kwa mwaka ili mtaji usiishe. Maana yake, kulipa ada ya mwanafunzi mmoja kila mwaka kunahitaji mfuko ulio mara 20 hadi 25 ya ada hiyo. Pigeni hesabu yenu na mchango mlionao. Kama haufiki, tuzo ndogo ya kila mwaka inatosha na haina aibu.

Wako waliokuwa na fedha za kufanya lolote. Leland Stanford Junior alipofariki mwaka 1884 akiwa na miaka 15, wazazi wake walianzisha chuo kikuu kizima kwa jina lake. Harry Widener alipokufa katika ajali ya meli ya Titanic mwaka 1912, mama yake alikijengea Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, maktaba, kwa sababu kijana yule alisoma pale na alikuwa mkusanyaji wa vitabu. Hamna mali ya watu hao, lakini mtazame mama huyo: alianzia kwenye kile mwanawe alichokipenda.

Nawe umeshaniambia rafiki yako alipenda nini. Zile ngazi.

Ombeni chuo mahali karibu na maktaba, penye paa na taa. Wekeni meza imara, mabenchi na ubao. Jioni moja kila wiki, wa mwaka wa pili wawafundishe hesabu wa mwaka wa kwanza, na kazi hiyo ikabidhiwe idara, maana idara haihitimu. Kibao kiwe kidogo: jina, miaka yake, na maneno kama "Hapa aliwafundisha wenzake." Miaka michache ijayo hatabaki mwanafunzi hata mmoja aliyemjua, lakini yule aliyefeli jaribio lake la kwanza atakuja kuketi pale, na atafundishwa.

Msiharakishe. Fanyeni jioni ya kumkumbuka sasa, cha kudumu kizinduliwe atakapotimiza mwaka. Fedha zitunzwe na watu wawili, na risiti wazione hata wazazi. Mwulizeni msajili pia kama chuo hutoa shahada kwa marehemu. Vipo vyuo vinavyofanya hivyo.

Kwa wasomaji wengine ambao mwenzao alijiua: wataalamu wa kuzuia vifo hivyo hushauri msiweke kumbukumbu ya kudumu chuoni, kwa kuwa inaweza kumvuta mwingine aliye katika hali ileile. Ongeeni na mshauri wa wanafunzi, upendo wenu muuelekeze kwenye huduma ya kusaidia walio hai.

Na lile daftari, mwanangu, ni la mama yake. Mpelekee wewe mwenyewe. Keti naye, mfungulie kurasa, mweleze ni nani alikuwa akifundishwa ukurasa upi. Kisha mwombe ruhusa ya kunakili mstari mmoja wa mwandiko wa binti yake, uchongwe kwenye kile kibao.

Shangazi