Kupaka, kutia, kuchovya: ugomvi wa vitenzi kwenye sufuria ya magome

SWALI: Tuko kikundi cha akina mama, tunatia rangi vitambaa vya pamba kwa majani, magome na maganda ya vitunguu. Sasa tunaandaa lebo za Kiswahili pamoja na kitini cha mafunzo, na hatuelewani. Mmoja anaandika “kupaka rangi”, mwingine “kuchovya”, mwingine anasema vyote ni “kuchapa”. Je, ni “rangi ya asili” au “rangi asilia”? Na ile shughuli ya kufanya rangi isitoke ina jina la Kiswahili, au tukope tu? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Dada yangu, chanzo cha ugomvi ni neno rangi lenyewe. Ya ukutani ni rangi, ya kucha ni rangi, ya ngozi ya mtu ni rangi, na hayo maji mekundu yaliyomo kwenye sufuria yenu ya magome nayo ni rangi. Kiswahili hakikujisumbua kuzitenga kwa majina. Kazi hiyo kimekiachia kitenzi, kwa hiyo mkikosea kitenzi msomaji anaona shughuli nyingine kabisa.

Kupaka ni kwa juu. Ukuta hupakwa chokaa, mkate siagi, mwili mafuta. Mtu akiniambia kitambaa kimepakwa rangi, ninachoona ni brashi na mchoraji. Hina hupakwa, naam, kwa kuwa ni uji mzito unaowekwa juu ya kiganja ukaachwa ukauke. Lakini hina hiyohiyo mkiichemsha na kutumbukiza kitambaa humo, hapo hamkupaka tena, mmetia. Rangi imeingia ndani ya uzi. Jina la jumla la kazi yenu ni kutia rangi, na mwenzenu wa “kupaka” hana haki, labda siku mtakapoanza kuchora kwa brashi.

Huyu wa “kuchovya” ana nusu ya haki. Kuchovya ni kuingiza kitu kwenye majimaji na kukitoa upesi, kama mkate kwenye chai. Kuloweka ni kukiacha humo kinywe. Kitini kikiandika “chovya kitambaa kwenye maji ya magome ya mkoko”, mwanafunzi mtiifu atakitoa baada ya dakika moja, kimepata wekundu wa kuonea huruma, naye atasema mkoko hauna rangi. Andikeni “chemsha”, kisha “loweka usiku kucha”, kama ndivyo mnavyofanya.

Mmea mmoja ndio unaostahili kitenzi cha kuchovya, nao ni mnili. Buluu yake haionekani kwenye jani bichi. Majani hulowekwa yakachacha, na rangi inayopatikana haiyeyuki kwenye maji matupu, hivyo huwekwa kwenye pipa lenye chokaa au maji ya majivu na kuachwa ichache tena, pasipo hewa kuingia. Kitambaa kikitoka humo huwa na umanjano wa kijani. Kikikutana na hewa, buluu inajitokeza machoni mwenu, kuanzia kwenye pindo. Ukiitaka iliyokoza, unarudia: unachovya, unapunga hewani, unachovya tena. Ile chovyachovya iliyomaliza buyu la asali, hapa ndiyo mbinu yenyewe.

Nakuja sasa kwenye jambo ambalo hukuuliza, lakini nililiona kwenye mifano ya lebo uliyonitumia, na kwangu ndilo zito kuliko yote.

Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi ambavyo ni vyake: -eusi, -eupe, -ekundu. Ni hivyohivyo vilivyopewa viigizi vya kuvisindikiza: nyeusi ti, nyeupe pe, nyekundu pyu. (Tazama kisutu, kanga ya bibi harusi: nyekundu, nyeusi, nyeupe, basi.) Rangi nyingine nyingi tumeziita kwa vitu, na sehemu kubwa ya vitu hivyo ni mimea: manjano, majani, kahawa, zambarau, chungwa. Kwa mtu wa kawaida ni raha. Kwa anayeuza nguo zilizotiwa rangi kwa mimea ni mtego, kwa sababu jina la rangi na jina la mmea vimekaa kwenye kiti kimoja.

Lebo yenu moja inasema “Kitenge cha rangi ya zambarau”. Mteja ataelewa nini? Kwamba kina rangi ile ya tunda lililoiva. Kumbe ninyi mlimaanisha mmechemsha magome ya mti wake, nayo magome hayo hutoa udhurungi. Mteja akifungua kifurushi atasema ametapeliwa. Dawa iko kwenye kiambishi mnachokijua tangu darasa la pili: zambarau ni tunda na ni rangi, mzambarau ni mti. Andikeni “kimetiwa rangi kwa magome ya mzambarau” na hakuna atakayekosea. Ndivyo pia kwa mchungwa na mwembe. Rangi ya kijani nayo isichanganywe na rangi ya majani: mnajua kuliko mimi kwamba majani mengi mabichi, yakichemshwa, huacha umanjano au ukahawia, na ule ukijani wenyewe haukai.

Kwenye manjano jina na kitu vinakubaliana, maana bizari ya manjano hutoa manjano kweli. Lakini hapo pia kuna la kuonya. Watu wa bara wengi wamekata silabi ya mbele na kusema njano: rangi ya njano, kadi ya njano. Silikemei, limeshazoeleka. Ila njano haiingii jikoni. Hakuna anayetuma mtoto dukani akanunue njano. Basi mna maneno mawili bila kutafuta: njano kwa rangi, manjano au bizari kwa mmea. Msomaji wa Mombasa atawashangaa kidogo, kwake vyote ni manjano, kwa hiyo zikienda huko ongezeni neno bizari. Na kwa kuwa nimeitaja: bizari haipendi jua, na ikigusana na sabuni kali ya mche hugeuka nyekundu ya matofali. Hilo liandikwe kwenye lebo kabla ya sifa zote.

Nili ina mkasa wake. Neno ni la zamani, limepitia Uarabuni kutoka India, na pwani yetu inaijua kazi hiyo. Wareno waliokuja Visiwa vya Kirimba, kaskazini mwa Msumbiji, walikuta kitambaa cha buluu cha huko ambacho waliandika jina lake maluane. Kaniki nayo, kabla ya kuwa kitambaa cheusi cha waganga, ilikuwa pamba iliyotiwa nili. Lakini mwulize leo mtu yeyote aliyewahi kuvaa sare nyeupe ya shule: nili kwake ni ule unga wa dukani unaotiwa kwenye maji ya kusuuzia ili shati liwe jeupe pe. “Shuka hili limetiwa nili” kwake ni shuka jeupe! Andikeni “nili ya mmea” au “kwa majani ya mnili”.

Mfano wa mwisho wa aina hii, nao nautaja kwa utamu wake tu: zingefuri. Awali neno hilo, ambalo Waarabu walilitoa Uajemi, lilikuwa jina la jiwe jekundu lililosagwa kupata wino na rangi. Kisha ukaja mti wenye mbegu nyekundu, asili yake Amerika ya joto, ambao leo Kwale wanaulima kwa ajili ya rangi ya vyakula. Watu wakautazama, wakaupa jina la lile jiwe: mzingefuri. Kwa hiyo mwanakikundi akisema maneno ya Kiswahili hayajui mimea ya kigeni, mwonyesheni huu.

Asili na asilia. Asili ni nomino, asilia ni kivumishi, kwa hiyo “rangi ya asili” na “rangi asilia” zote ni sahihi kisarufi. Mimi sizipendi zote mbili kwenye lebo. Rangi ya asili ya kitu ni ile kilichozaliwa nayo: “gauni limepoteza rangi yake ya asili”. Pamba isiyotiwa chochote ndiyo iliyo katika rangi yake ya asili, na mteja anayesoma hivyo ana haki ya kudhani hamjaigusa. Semeni “rangi ya mimea”. Ni fupi, na haina maana mbili.

Kuna na kosa la kihusishi, nalo limejaa kwenye lebo zenu zote: “kimetiwa rangi na magome ya mkoko”. Baada ya kitenzi cha kutendwa, na humtaja mtendaji. Kimetiwa rangi na Mama Fulani, kwa magome ya mkoko. Mkiandika “na magome”, magome ndiyo yaliyovaa aproni. Mkoko wenyewe pia uangaliwe. Watu wengi huita mikoko kila mti wa maji ya chumvi, ilhali wavuvi wanatenga mkoko, mkandaa, mchu, muia. Mkoko na mkandaa magome yao yote yana tanini nyingi, ile dutu chungu ya magome (Wajerumani waliyasafirisha kutoka delta ya Rufiji kwa watengeneza ngozi), ila kwenye kitini taja mti uliotumia kweli. Na mwe na kibali, miti hiyo haivunwi ovyo.

Sasa jina la kufanya rangi isitoke. Kitenzi mnacho tayari: rangi hushika. “Imeshika”, “haijashika”, “hii haishiki kwenye pamba”, ndivyo wasemavyo wasusi wa mikeka wakichemsha ukindu, na mafundi wa batiki pia. Kinyume chake kuna maneno matatu, na kila moja lina mkosaji wake. Kuchuja ni kosa la maji: nguo inafuliwa, rangi inatoka, ya jirani inadhurika. (Vijana wamelichukua kwa msanii aliyeisha makali, “amechuja”, na wamelitumia barabara.) Kupauka ni kosa la jua na uchakavu: rangi haikwenda popote, imekuwa nyeupenyeupe. Kufifia ni kupungua nguvu kwa sababu yoyote ile. Lebo inayoahidi “haichuji” haijaahidi kwamba haipauki, na kwa rangi ya mimea tofauti hiyo itawaokoa siku mteja atakaporudi na malalamiko. Mwepuke “kutoa rangi”: kwenye sufuria ni jambo jema, kwenye beseni la kufulia ni msiba.

Kile kinachosaidia rangi ishike, mafundi wa batiki hukiita dawa. Neno linafaa mezani kwa fundi, lakini mnunuzi akisoma “dawa” kwenye nguo ya mtoto ataingiwa na wasiwasi. Kabla ya kukopa, tajeni vitu kwa majina yake. Shabu, lile jiwe jeupe ambalo wanyozi walilipitisha kidevuni baada ya wembe, ni shabu. Mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba, ni mrututu, na huo ni sumu, usikae karibu na sufuria za chakula. Magadi ni magadi. Msumari wenye kutu uliolowekwa kwenye siki ni maji ya kutu, na tone lake likidondoka juu ya kitambaa chenye tanini, kahawia inageuka kijivu hapohapo, kisha inaelekea weusi. Mkihitaji neno la jumla la kuwekea kichwa cha sura, napendekeza kishikizo. Mafundi cherehani wanalitumia kwa kifungo, pini na kila kinachoshika nguo isiachie. “Kishikizo cha rangi” halihitaji maelezo, na kitenzi chake, kushikiza, kiko tayari. Kwa pamba mtaandika hivi: loweka kwanza kwenye maji yenye tanini, kisha shikiza kwa shabu, kwa sababu pamba haipatani na shabu moja kwa moja kama hariri au sufu.

Wa “kuchapa” nilimwacha mwisho kwa kuwa yeye anazungumzia kazi nyingine. Kuchapa, au kupiga chapa, ni kuacha alama au umbo: mhuri uliochongwa, kibao, au jani lenyewe. Kitambaa kizima kikiwa chekundu hakikuchapwa. Mkipanga majani juu ya kitambaa, mkakikunja kwenye fimbo, mkakifunga kamba na kukipika kwa mvuke hadi kila jani liache umbo lake, hapo mmechapa, na “kitambaa kilichochapwa majani” ni Kiswahili safi. Msiseme “kilichochapwa kwa majani”, maana hicho ni kitambaa kilichopewa adhabu. Ile mbinu ya kuweka ua juu ya kitambaa na kuligonga kwa nyundo mpaka litoe maji yake, hiyo ndiyo iliyochapa kwa maana zote mbili.

Lebo yenu ya kile kitambaa cha kahawia ningeiandika hivi: “Pamba tupu. Kimetiwa rangi ya mimea kwa magome ya mkandaa, kikashikizwa kwa shabu. Kifuliwe peke yake mara za mwanzo, kwa maji baridi na sabuni isiyo kali. Kianikwe kivulini.” Neno “kimetengenezwa kwa upendo” nimelifuta.