Bakteria anashikaje mwilini? Maswali yenu ya wiki hii

*UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) inanirudia kila baada ya miezi miwili. Nakunywa dawa naona nafuu, halafu haooo! Nina tatizo gani? — Dada wa Mbagala*

Pole dada angu. Mara nyingi anayesababisha ni E. coli, mkazi wa utumboni huyo, kazi yake hapo wala haina neno mpaka ahamie kwenye mkojo. Ana vijinywele, na kwenye ncha ya kijinywele kuna protini inayonasa sukari flani iliyopo kwenye ukuta wa kibofu, sasa we unakojoa kwa presha yote unadhani unamsomba, kumbe mkojo ukimvuta ndo anazidi kukaza kama kupe. Na kuna wanaojipenyeza mpaka ndani ya seli za kibofu wanazaliana humohumo, dawa inasafisha wa nje, wa ndani wametulia zao. Sio sababu pekee ya kurudiwa, ila acha kukimbilia duka la dawa kununua dozi ileile, omba mkojo uoteshwe maabara waone dawa gani inamuua.

*Kipindupindu kinaingia kwenye damu? Mbona kinamaliza mtu haraka hivo? — Mama ntilie, Tandale*

Hakiingii mama, ndo maajabu yake. Bakteria wake anashika tu juu ya ukuta wa utumbo mdogo, anamwaga sumu, seli zenyewe zinaanza kutapika chumvi na maji. We unaosha mchele kila asubuhi, basi yale maji meupe ya kwanza ndo choo cha mgonjwa kinavyokuwa, na akizidiwa anapoteza hata lita moja kwa saa. Waliokuwepo Dar kwenye mlipuko wa 2015 wanakumbuka. ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, ianze palepale nyumbani huku mnatafuta usafiri, msisubiri kufika.

*Na taifodi je, nayo inashika tu juu? — Juma*

Hiyo inaingia, tena kwa ujanja. Bakteria wake, Salmonella, ana kitu kama sindano, anaichoma seli ya utumbo anaipulizia protini zake, seli inavimba mikunjo na kummeza yenyewe! Akishapita anapanda seli za kinga kama daladala mpaka kwenye ini, bandama, wengine wanabaki kwenye nyongo miaka. Ila jamani kipimo kimoja tu cha damu cha Widal sio ushahidi, nusu ya mtaa wangu ina "taifodi" za karatasi.

*Kusukutua maji ya chumvi kunatoa bakteria wa meno?*

Hakutoi. Wanageuza sukari ya chai yako kuwa gundi, wanajibandika nayo. Gundi hiyo inataka mswaki.