Asisubiri apone kabisa

Dada wa Jinja, unauliza kama mdogo wako mwenye skizofrenia (ugonjwa wa akili) asubiri apone kabisa ndipo ajifunze kushona. Hapana, asisubiri. Tafiti nyingi zimeonyesha kuwa kuingia kazini mapema, huku akisaidiwa, hufaa kuliko mafunzo marefu ya kujiandaa tu. Mtafutieni fundi mvumilivu (wenye kelele wapo wengi!), aanze na masaa mawili kwa siku. Dawa zikimlaza asubuhi, aende mchana, na daktari aelezwe, kwani pengine saa za kumeza zitabadilishwa. Asiziache. Fundi amwelekeze hatua mojamoja: leo kukata, kesho kukunja pindo. Hospitali ya Butabika, Kampala, ina tiba kwa vitendo, yaani kumzoeza mgonjwa kazi za kila siku; ulizeni huko. Na ujira wake aushike mwenyewe, tafadhali.