Behewa la zamani la reli ya Kisumu: chagua stesheni na mwaka, rangi itafuata

Ndugu yetu wa Kericho ameuliza hivi: anataka kuunda behewa dogo la abiria la zamani, aliweke mbele ya stesheni mojawapo ya njia ya Nakuru–Kisumu, na anaomba aambiwe anunue rangi gani ya damu ya mzee. Pia ameuliza kama anaweza kuagiza behewa lililokwisha kuundwa Uingereza akalipaka upya. Mimi ni fundi wa rangi za magari hapa Nakuru, na jioni nikishafunga karakana huwa nakaa na mabehewa ya plastiki na kadibodi. Nitajibu kwa kirefu, maana jambo hili nalipenda.

Rangi iache kwanza. Mkebe usinunuliwe kabla hujataja stesheni yako kwa jina na mwaka unaotaka kuuonyesha. Behewa lililosimama Londiani mwaka 1928 na lililosimama palepale mwaka 1965 si behewa moja, hata kama bati la chini ni lilelile. Herufi zimebadilika, mwenye reli amebadilika, injini inayolivuta imebadilika, na hata umuhimu wa njia yenyewe umebadilika.

Reli ilifika ziwani Desemba 1901, Kisumu ikiitwa Port Florence. Kwa karibu miaka 30 hiyo ndiyo iliyokuwa njia kuu ya kwenda Uganda: mzigo ulishushwa Kisumu ukapakiwa melini kuvuka ziwa. Kisha njia ya pili iliyotoka Nakuru kupanda Timboroa ikafika Eldoret mwaka 1924 na Kampala mwaka 1931, na ile ya Kisumu ikabaki tawi. Ukiunda treni ya kabla ya 1931, unaunda treni ya abiria waliokuwa wakikimbilia meli. Ukiunda ya baadaye, unaunda treni ya Kisumu na ya Butere, kwa sababu kipande cha kupita Maseno, Luanda na Yala hadi Butere kilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930.

Majina ya wenyewe nayo yafuate vizuri. Mwanzo ilikuwa Reli ya Uganda, ingawa karibu yote ilikuwa ndani ya Kenya ya leo. Ikaja Reli ya Kenya na Uganda, ile ya herufi KUR. Mwaka 1948 zikaunganishwa na za Tanganyika, zikawa Reli za Afrika Mashariki, EAR. Jumuiya ilipovunjika 1977, kila nchi ikachukua vyake na sisi tukapata Shirika la Reli la Kenya, la herufi KR. Sasa mtu anapoandika KR ubavuni mwa behewa kisha analifunga nyuma ya injini ya mvuke ya Garratt yenye herufi EAR, mtazamaji asiyejua reli atafurahi, lakini mzee aliyefanya kazi pale atatikisa kichwa. Mimi humfikiria yule mzee kila ninaposhika brashi.

Kwa kuwa nimetaja Garratt, niseme na hili. Wengi wanaipenda ile kubwa ya daraja (yaani aina) la 59, yenye majina ya milima. Zilijengwa 34 na Beyer Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950, kila moja ikiwa na tani 252, na mbili zimo kwenye jumba la makumbusho ya reli Nairobi: Mount Gelai na Mount Shengena. Ni injini ya kumfanya mtu anyamaze akiwa karibu nayo. Lakini kazi yake ilikuwa hasa Mombasa–Nairobi, ambako reli ilikuwa nzito vya kutosha kuibeba. Usiiweke juu ya daraja la chuma la Mau. Njia nyepesi zilikuwa na injini zao, mfano Garratt za daraja la 60, ambazo ekseli yake ilibeba tani 11 tu. Moja ya hizo nayo imo makumbusho, kwa hiyo safari moja ya Nairobi itakutosha kuona tofauti kwa macho yako.

Turudi stesheni. Kutoka Nakuru unakwenda Njoro, Elburgon, Molo, unapanda hadi Mau Summit zaidi ya futi 8,000 juu ya bahari, kisha ni mteremko: Londiani, Kipkelion ambayo zamani iliitwa Lumbwa, Fort Ternan, Koru, Muhoroni, Chemelil, Kibigori, Miwani, Kibos, Kisumu. Hiyo ni safari ya kilomita 217, na ndani yake umeshuka zaidi ya futi 4,000. Madaraja marefu ya chuma 27 yalijengwa kwenye miteremko hiyo, na waliopewa kandarasi walikuwa Wamarekani.

Ukiniuliza mimi, usianze na Nakuru. Jengo la sasa la Nakuru lilifunguliwa 1957, ni la zege na kioo, limenyooka, zuri sana, lakini ni kubwa na kila kosa la mkono wako litaonekana. Anza na stesheni ndogo ya Mau au ya uwanda wa Kano, kule karibu na Kisumu. Tafuta nyumba yenye paa la mabati lililotoka nje kufunika jukwaa la abiria, dirisha la tiketi, benchi, na ule ubao wa jina. Ubao usiusahau kabisa, kwa sababu stesheni zetu ziliandika jina pamoja na mwinuko kwa futi, na hilo peke yake linamwambia mtazamaji kwamba yuko Kenya. Pembeni weka tangi la maji juu ya nguzo zake na nyumba za wafanyakazi, zile landi. Nyuma panda mikaratusi. Miti ile haikuletwa kwa kivuli: ililetwa mwanzoni mwa karne iliyopita ili iwe kuni za injini, ndiyo maana hadi leo unakuta mistari ya mikaratusi karibu na reli mahali ambapo hakuna shamba la mtu.

Ukienda kupima, ongea kwanza na stesheni masta au mlinzi. Treni za Kisumu zilirudi Desemba 2021, kwa hiyo hata mahali panapoonekana pamelala, reli iko hai. Eleza unataka nini, onyesha kazi yako kwenye simu. Watu wa reli wakiona unaijali kazi yao, mara nyingi ndio watakaokuonyesha mlango uliobadilishwa na dirisha lililozibwa. Hayo huyapati kwenye picha.

Kuna kipimo kimoja kisichodanganya na kinapatikana katika karibu kila picha ya zamani: reli yenyewe. Kutoka uso wa ndani wa reli moja hadi uso wa ndani wa nyingine ni milimita 1,000. Ukipata picha iliyopigwa kwa kukabili mbele au nyuma ya behewa, pima upana wa reli kwenye picha, kisha pima upana wa behewa, ugawanye. Utagundua kwamba mabehewa yetu yalikuwa mapana sana kuliko njia yake, yanamwagikia nje pande zote mbili. Hapo ndipo jibu la swali lako la behewa la Uingereza lilipo. Behewa la kule limeundwa kwa reli ya milimita 1,435. Ukilipaka damu ya mzee litabaki kuwa Mwingereza, kwa sababu umbo la paa, madirisha na jinsi linavyokaa juu ya magurudumu haviendani na vya kwetu. Mimi nisingelinunua.

Kwa kipimo cha 1:87, yaani kila kipimo halisi kikigawanywa kwa 87, upana wa reli wa mita moja unakuwa milimita 11.5, na waundaji wa dunia nzima hutumia njia ya milimita 12 kwa reli za mita. Kampuni ya Bemo ya Ujerumani hutengeneza treni za Uswisi za aina hiyo, na magurudumu yake yanafaa. Ni ghali. Kama behewa lako litasimama tu bila kutembea, magurudumu yoyote ya njia ya milimita 12 yanatosha, na mwili wake uunde mwenyewe kwa plastiki bapa au kadibodi ngumu. Behewa la mita 18 litatoka na urefu wa karibu sentimita 21. Hapo kisu kikali, rula ya chuma na subira ndivyo vitu vya kununua.

Sasa rangi. Mabehewa ya EAR ambayo wengi wetu tunayakumbuka au tumeyaona kwenye picha ni ya krimu juu na damu ya mzee chini. Usitafute mkebe ulioandikwa jina la rangi hiyo. Changanya. Chukua nyekundu iliyoiva, ongeza kahawia, kisha tone la buluu. Nyeusi iepuke, inaua nyekundu ikawa kama matope. Krimu nayo ni nyeupe yenye manjano ya udongo kidogo sana. Ikianza kufanana na ndimu, umezidisha au umetumia manjano isiyofaa. Kisha ongeza krimu kidogo ndani ya ile damu ya mzee. Kitu kidogo huonekana cheusi zaidi kuliko kikubwa chenye rangi ileile, na usipoipunguza makali, behewa lako litaonekana limechomwa. Hukumu ya rangi itolewe nje, kwenye mwanga wa jua wa asubuhi. Taa ya ndani hubadilisha nyekundu kabisa.

Mafundi wenzangu wa magari watakushauri utumie rangi ya gari na thina ya kawaida. Kwenye plastiki usithubutu, thina ile inaiyeyusha. Tumia akriliki, na chini yake praima ya plastiki. Kadibodi ipakwe sila ya mbao kwanza, ile ya maseremala, kisha msasa laini, kisha sila tena, mpaka nyuzi za karatasi zilale. Ukiruka hatua hiyo, hata rangi iwe nzuri namna gani, ukuta wa behewa utaota manyoya.

Anza na krimu, kila mara rangi nyepesi kwanza. Ikishakauka kabisa, bandika tepu ya karatasi kwenye mstari chini ya madirisha na uikandamize ukingo wake kwa ukucha au kijiti cha mbao. Halafu hapa wengi huruka: puliza krimu tena, nyembamba, juu ya ukingo wa tepu. Krimu hiyo ndiyo itakayoziba vitundu vyote, na ikivuja, imevuja krimu juu ya krimu. Baada ya hapo puliza damu ya mzee, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, mkono ukitembea bila kusimama. Tepu itolewe tabaka la mwisho likiwa halijawa gumu, ukiivuta polepole kwa kuirudisha nyuma juu yake yenyewe. Mstari utakaobaki ni mnyoofu, na ukiuona mara ya kwanza utaita watu wa nyumbani waje waangalie.

Hali ya hewa ina sauti yake. Ukifanyia kazi Kisumu au huko kwenu Kericho wakati wa mvua, vanishi inaweza kugeuka maziwa. Sababu ni kwamba thina ikiruka kwa kasi inapoza uso wa rangi, na unyevu wa hewani unatua pale pale. Puliza asubuhi jua likishatoka, usingoje mawingu ya alasiri, na tafuta thina inayokauka taratibu. Huku kwetu Nakuru adui ni vumbi, hasa Januari hadi Machi. Mimi humwaga maji sakafuni na kungoja yatulie ndipo nishike bunduki ya rangi.

Paa liwe la kijivu. Wapo wanaoliacha jeupe kabisa na linapendeza kwa siku ya kwanza, lakini treni ya mvuke haikuwahi kuacha paa jeupe.

Uchafu ndio sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayokupeleka tena kwenye stesheni uliyochagua. Vumbi la Nakuru ni la majivu, linaelekea weupe, kwa sababu ya volkeno. Kuanzia Londiani hadi Kipkelion udongo ni mwekundu. Ukishafika Miwani na Kibos uko kwenye udongo mweusi wa Kano, ule unaoshika viatu. Behewa lililotoka Nakuru usiku likafika Kisumu asubuhi limepita yote matatu. Kwa hiyo usipake kahawia moja chini ya behewa lote. Weka wekundu kwenye magurudumu na fremu, kisha ushungi mwepesi wa majivu juu yake, na kama onyesho lako ni la Kano wakati wa masika, madoa meusi karibu na ngazi ambako watu walipanda na matope yao. Mimi huchukua udongo wa mahali penyewe, naukausha, nauchekecha kwa kitambaa cha soksi ya kike, naupaka kwa brashi kavu na kuufunga kwa vanishi isiyong'aa. Udongo wa Londiani hauna mbadala wa dukani.

Herufi na namba ziwekwe kabla ya uchafu, juu ya vanishi inayong'aa, kwa sababu juu ya uso mkavu usiong'aa karatasi ya herufi hubaki na ukungu pembeni. Tumia manjano iliyopoa. Namba ya behewa itoe kwenye picha ya mwaka wako, usiitunge.

Ukikwama kwenye madirisha, piga picha za luva za mbao, vile vibao vilivyolala kwenye madirisha, za mabehewa yaliyoko makumbusho Nairobi, ukisimama sawasawa mbele ya dirisha, na uweke rula ya sentimita 30 kwenye picha. Ziweke hapa, nami nitakuchorea kipimo cha kukatia.