Printa inagoma kila asubuhi, ninunue nyingine?

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza, kompyuta 6, kamera 8 na printa ya risiti tuliyoipa IP, yani namba yake ya mtandao, 192.168.1.50. Usiku iko fresh, ila watu wakishaingia asubuhi inagoma, ukiizima ukaiwasha inarudi afu baada ya nusu saa imepotea tena. Fundi kasema imekufa. Ni kweli?
Mama Misumari

JIBU: Dada, hela yako iache kwanza mfukoni, mi nahisi printa ni nzima ila kuna simu ya mtu imekalia namba yake. Rauta ndo inagawa namba kwa kila kinachoingia waifai, hiyo kazi inaitwa DHCP, na hakuna aliyeiambia kwamba 50 ina mwenyewe, yani mwenye nyumba kampangishia mtu chumba ambacho wewe ushahamia na kitanda.

Hakikisha hivi. Asubuhi ikigoma chomoa printa kabisa, kwenye kompyuta fungua cmd, lile dirisha jeusi la kuandika amri, uandike ping 192.168.1.50 kuona kama kuna anayejibu, halafu arp -a ikupe orodha ya namba na vifaa vyake. Ukiona 50 bado ina MAC mbele yake, yani namba ya kifaa chenyewe ya kutoka kiwandani, na sio ile ya kwenye stika ya printa, mvamizi ndo huyo. Ila angalia, Windows ikiandika "Destination host unreachable" hapo hakuna aliyejibu, hata kama mstari umeanza na Reply, ni kompyuta yako inajisemea yenyewe, hii imewachanganya mafundi wengi tu.

Dawa yake ingia kwenye rauta, DHCP iambie igawe kuanzia 100 mpaka 220, chini ya 100 panga mwenyewe, printa 50, kamera 60 mpaka 67, na uziandike kwenye Excel jamani sio kichwani mwa kijana ambaye mwezi ujao anaacha kazi. Ukimaliza zima rauta uwashe, simu nazo zizime waifai ziingie upya.

Wateja wape waifai yao ya wageni. Mtandao wako wote una namba 254 tu, na rauta nyingi zinamshikia mtu namba siku nzima, mtu kaja kuchukua misumari kilo moja kaondoka, namba yake inakaa mpaka kesho. Muda huo wa kushikilia namba ushushe kwenye rauta uwe masaa 2.

Na siku kompyuta ikikwambia iko 192.168.0 kitu fulani badala ya 192.168.1, jua kuna mtu kachomeka rauta yake ya pili, anzia kuitafuta chini ya meza ya bosi.